Ng'ombe Wenye Mabawa

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayemlisha ndege na mtu kutoka katika shina moja la uwele, na Yeye ndiye ajuaye kwa nini. Sifa ni zake siku ya kushiba, na ni zake siku ya njaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na wote waliomfuata kwa wema.

Mwezi uliopita mwanangu wa kiume aliniomba kitu kidogo. Wajukuu zangu walikuwa uani wakijifanya basi. Mmoja alikuwa dereva, mmoja utingo, na wengine abiria waliokuwa wakigombania nafasi juu ya matofali. Makelele yalikuwa mengi. Mwanangu akaniambia, "Mama, wewe umefundisha chuo cha Kurani miaka yote hii. Wakikuona wewe watanyamaza. Watoke juani, wakae ndani wasome." Nilimtazama nikashindwa kumjibu. Akadhani masikio yangu yamezidi kuwa mazito, akaenda kuwanyamazisha mwenyewe.

Masikio yangu ni mazima. Lile neno "watanyamaza" ndilo lililonirudisha utotoni. Kwa kuwa sikuweza kumweleza mwanangu ana kwa ana, nayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Ilikuwa zama za Mwingereza, na sisi tulikaa upande wa Sepuka, kwenye mteremko wenye mawe makubwa, na shamba letu la uwele lilikuwa chini ya mawe hayo. Nyumbani tulikuwa bibi yangu aliyemzaa baba, mama yangu akiwa na mtoto mchanga, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka sita. Baba alikuwa Itigi, kwenye kazi ya reli, mwaka wa pili sasa.

Mwaka uliotangulia mvua ilikatika mapema, na uwele ulikauka ukiwa magotini. Kilindo chetu cha mwisho, lile pipa la gome la mti tunalowekea nafaka, kilikuwa kimebaki na nafaka ya kufunika sakafu yake tu. Mama alikuwa akiingiza mkono wote mpaka begani kuchota. Maziwa yake yalikuwa yakipungua, na yule mtoto mchanga alilia kilio chembamba ambacho bado nakisikia. Kwa hiyo uwele uliosimama shambani mwaka ule haukuwa mazao tu. Ulikuwa uhai wa mtoto yule, na wetu sote, na hata sisi watoto tulijua hivyo.

Mvua ilikuwa njema. Masuke yalitoka marefu kama mkono wa mtu mzima. Yalipoanza kuingia maziwa, tukapanda kwenye madungu kuwinga ndege. Dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba ili mtoto aone mbali. Tulikuwa na madungu mawili, moja langu na moja la mdogo wangu. Shamba la jirani lilipakana na letu, na huko alikuwako binti wa rika langu na kaka yake, nao wana madungu yao. Silaha zetu zilikuwa fimbo laini ambazo kwenye ncha zake tulibandika donge la udongo mbichi. Ukiipunga fimbo kwa nguvu, donge huchomoka na kwenda mbali kuliko mkono unavyoweza kurusha.

Ndege wa kwetu ni kwelea. Mmoja ni mdogo, anaenea kiganjani. Lakini hawaji mmoja. Huja kama moshi wa pori linaloungua, na wakitua juu ya uwele, shamba zima huinama.

Sasa nieleze mchezo wetu, maana bila mchezo huo hadithi hii haipo.

Tulijifanya kwamba kila shamba ni boma, na kwamba boma letu linaoa kwa jirani. Kundi la ndege lilikuwa ng'ombe wa mahari. Likija kwetu, tulilifukuza kwa madonge na mayowe mpaka livuke mpaka, kisha tunapaza sauti, "Wakwe zetu! Pokeeni ng'ombe!"

Nao hawakubali hata kidogo. "Hawa ni ng'ombe au ni panya? Wamekonda! Rudisheni kwenu wakanywe maji kwanza!" Na madonge yanaruka, ndege wanarudi kwetu kabla hawajagusa suke moja.

"Binti yenu mwenyewe ana kigugumizi! Mnataka ng'ombe gani kwa kigugumizi?"

"Bora kigugumizi kuliko bwana harusi wenu, anakojoa kitandani!"

Hapo mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa bwana harusi, alikasirika kwelikweli na kurusha madonge matano mfululizo. Ndege hawakupata pa kutua. Walipelekwa huku na kurudishwa huku mpaka wakachoka, wakaenda zao porini kabisa. Hapo ndipo tulipopatana kwamba harusi imevunjika, na kesho yake tukaanza posa upya.

Bibi alikaa chini ya dungu langu akifinyanga madonge, kwa kuwa sisi tuliyamaliza upesi. Alikuwa ameucheza mchezo huohuo utotoni, katika mteremko uleule. Aliniita mke mwenzake, na kumwita mdogo wangu mume wake. "Mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, "waambie hata blanketi la mjomba wa bibi harusi tumeleta. Nani anakataa posa yenye blanketi la mjomba?" Nami nililipaza hilo, na kutoka upande wa pili vikasikika vicheko na matusi mapya. Jioni koo zetu zilikuwa zimekauka, na masuke yote yako mahali pake.

Baba alirudi mchana mmoja wa siku hizo, bila taarifa. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, amebeba sanduku la bati. Huko Itigi alikuwa amekutana na mwalimu wa dini katika makambi ya reli, akasilimu, akajifunza kusoma. Nataka niliseme hili wazi: lile alilotuletea ndilo lililo bora kuliko yote niliyopata duniani. Ni yeye aliyenifundisha herufi ya kwanza. Lakini alikuwa pia amekaa miaka miwili mahali ambapo mtu huamka kwa filimbi, hufanya kazi kwa filimbi na kunyamaza kwa filimbi, na nadhani moyoni mwake mambo hayo mawili yalichanganyika yakawa kitu kimoja.

Hakupita nyumbani kwanza. Alifuata mayowe, akatukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Umerudi! Mungu wangu, umekonda kama ng'ombe wa hawa wakwe zetu!" Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

Baba hakucheka. "Nani anaoa hapa?"

"Mwanao. Njoo ukae, wewe ndiye baba wa bwana harusi, tumekungoja."

"Mama, watoto wanatukanana mambo ya ndoa, juu ya miti, na wewe unawafundisha?"

"Wanawinga ndege, baba."

"Wanacheza. Kazi ni kazi. Mtoto akizoea kucheza kazini, kesho hata akiwa mkubwa hatajua kazi ni nini. Niliona watu wa namna hiyo kule, walikuwa wakifukuzwa kila siku."

Bibi akaonyesha shamba kwa mkono uliojaa udongo. "Tangu umefika, umeona ndege hata mmoja ametua?"

Baba aligeuka akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, kutoka mawe ya juu mpaka mpakani. Hakukuwa na ndege hata mmoja juu ya uwele. Na hapo ndipo alipokosea. Akasema, "Kweli. Mwaka huu ndege ni wachache. Basi mtoto mmoja anatosha."

Nilimwona bibi akifungua kinywa, kisha akakifunga. Mwanawe alikuwa amerudi baada ya miaka miwili. Nadhani hakutaka kugombana naye siku ya kwanza, mbele yetu.

Kuanzia kesho yake, mdogo wangu alibaki nyumbani kusoma herufi juu ya ubao. Bibi aliambiwa apumzike, kwa heshima kabisa, maana baba hakuwahi kumkosea adabu mama yake. Baba alikwenda kwa jirani akazungumza naye juu ya matusi ya watoto, na yule mzee naye akaona aibu, akawakataza wanawe wasipige kelele tena. Mimi nikaachwa juu ya dungu peke yangu. Baba alinifungia kamba ndefu yenye makopo matupu aliyokuja nayo kutoka relini. "Ndege wakija, vuta kamba. Wasipokuja, soma hii kimyakimya." Alikuwa amenifundisha sura moja fupi. "Usipige kelele. Kaa kwa adabu."

Nilikaa kwa adabu. Namshuhudisha Mungu kwamba nilijitahidi.

Siku mbili za kwanza hawakuja wengi. Nilivuta kamba, wakaruka. Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Asubuhi nilikuwa nimekunywa uji unaopitisha mwanga. Nilisoma sura yangu nikaimaliza, nikaanza tena, nikaanza tena, na maneno yakawa yananibembeleza kama wimbo wa mama. Sikujua nimelala.

Kilichoniamsha ni sauti kama mvua inayokuja juu ya majani makavu. Nikafumbua macho nikaona shamba letu limebadilika rangi. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa likitambaa.

Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote. Makopo yakalia. Walioko karibu na kamba waliinuka, wakazunguka, wakatua hatua kumi mbele, ambako kamba haikufika. Nikataka kupiga kelele. Nilifungua mdomo, na sauti haikutoka, kwa sababu nilikumbuka nimekatazwa. Nilikuwa mtoto, nilifikiri nikipiga kelele Mungu atanikasirikia. Nilipoteza muda pale nikifikiria hilo, mdomo wazi, na ndege wanakula.

Nikaruka chini nikakimbilia ndani ya uwele nikipunga kipande cha nguo niliyojifunga. Walinipisha kama maji, na nyuma yangu wakajifunga tena. Nikigeuka kushoto, wako kulia. Upande wa jirani niliwaona yule binti na kaka yake wamesimama juu ya madungu yao, na wao wakivuta kamba ya makopo ambayo baba yao naye aliwafungia. Ndege wakitoka kwao walikuja kwetu kutua. Hakuna aliyewarudisha.

Mama aliisikia sauti ile ya mvua kutoka nyumbani. Wote wakaja. Baba alikuja akikimbia na kanzu yake ameipandisha kiunoni, akirusha mawe, akarusha viatu vyake, akaivua kofia yake akairusha. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwiko mkononi. Bibi alikuja mwisho, na mfuniko wa chungu, akasimama mpakani mwa mashamba, akapaza sauti ya uzee wake:

"Wakwe zetu! Pokeeni ng'ombe!"

Akagonga mfuniko kwa ngumi.

"Nasema pokeeni ng'ombe! Nyie watoto! Semeni wamekonda! Semeni!"

Yule binti na kaka yake walimtazama bibi, kisha wakageuka kumtazama baba yao, aliyekuwa naye amefika shambani kwake. Yeye alimtazama baba yangu. Naye baba alisimama katikati ya uwele, anahema, kichwa wazi. Sijui ulipita muda gani. Kwangu mimi ni kama hawajaacha kutazamana mpaka leo.

Hatimaye baba akasema, kwa sauti ndogo, "Waambie wapige."

Wakapiga. Sote tukapiga kelele, watu wazima na watoto, mpaka jua likazama. Lakini kwelea wakishaonja shamba hukumbuka njia. Walirudi kesho yake kabla hatujafika, na kesho kutwa. Tulipovuna, masuke yalikuwa meupe na mepesi mkononi kama manyoya. Yote tuliyopata yalijaza kilindo kimoja tu, na katika miaka ya kawaida tulijaza vinne. Jirani alipata kidogo zaidi yetu.

Sitaeleza siku zote za njaa ile. Walioiona wanajua, na wasioiona Mungu awaepushe nayo. Tulikula mlenda mkavu bila kitu cha kula pamoja nao. Tulichimba mizizi, tulipondaponda ubuyu. Baba alitembea mpaka Issuna kutafuta nafaka akarudi na mihogo michache ndani ya sanduku lake la bati. Hakunipiga. Hakunilaumu hata siku moja kwa kulala. Laiti angenipiga.

Bibi alikuwa amesilimu miezi ile, kwa mkono wa mwanawe. Alisema hawezi kufa akaenda mahali pasipo na mwanawe. Alijifunza kuswali kwa shida, akichanganya maneno, na alifunga Ramadhani nzima bila kuvunja hata siku moja. Ramadhani ikaisha, yeye akaendelea kufunga.

"Mama, mbona hujala?" baba alimuuliza mchana mmoja, tukiwa tumezunguka chungu.

"Nimefunga."

"Ramadhani imeisha."

"Nalipa."

"Unalipa siku zipi, mama? Hukuacha hata moja."

"Naanza kulipa za ujana wangu," bibi akasema. "Ni nyingi, baba. Niache." Akasukuma sehemu yake kuelekea kwa mama aliyekuwa akinyonyesha. Kisha akanikonyeza. "Mke mwenzangu, kula upesi, mume wetu anakuja kukunyang'anya."

Baba alijua. Nilimwona uso wake, nikajua kwamba anajua. Angeweza kumkataza, yeye ndiye aliyekuwa mwenye elimu ya dini pale nyumbani, na alijua kuwa aliyesilimu halipi funga za kabla ya kusilimu. Lakini mtoto mchanga alikuwa akinyonya, na kilio chake kilikuwa kimeanza kunenepa kidogo. Baba akainamisha kichwa akaendelea kula, na machozi yalimdondoka ndani ya mlenda. Jua lilipozama bibi alifuturu kwa maji na kipande cha muhogo kama kidole. Kila siku ilikuwa hivyo. Kila siku baba alijua, na kila siku alinyamaza.

Bibi alifariki wakati wa kupanda, mvua ya kwanza ilipokuwa imelowesha vumbi. Alikuwa mwepesi hata mama peke yake alimgeuza wakati wa kumwosha. Mtoto mchanga aliishi. Ndiye bibi mdogo ambaye wajukuu zangu wanamjua, yule anayeongea sana.

Uwele wa mwaka uliofuata ulipoingia maziwa, baba alitupeleka shambani asubuhi mwenyewe, mimi na mdogo wangu. Kamba ya makopo hakuifunga. Alikwenda kwa jirani akazungumza naye, na wale watoto wawili wakapanda madungu yao. Baba akasimama chini ya dungu langu, pale alipokuwa akikaa bibi. Alikuwa ametuletea udongo mbichi kwenye karai.

"Haya," akasema. "Chezeni."

Tukakaa. Hakuna aliyeanza. Mdogo wangu alinitazama, mimi nikamtazama baba. Tulikuwa na fimbo mkononi, tumenyooka kama askari, tukingoja atuambie tucheze vipi. Kule upande wa pili nao walikuwa hivyohivyo. Kundi la kwanza lilionekana juu ya mawe.

"Chezeni, wanangu," akasema tena, na sasa alikuwa akitusihi. "Chezeni kama mlivyokuwa mkicheza."

Nilitaka. Naapa nilitaka kwa moyo wangu wote. Lakini maneno yale yalikuwa ya bibi, na nikiyafungua kinywani nilihisi kilio ndicho kitakachotoka. Ndege wakaanza kushuka.

Baba akachukua donge, akalibandika vibaya kwenye fimbo, akarusha. Lilianguka miguuni pake. Akakohoa. Kisha yule mtu mwenye kanzu, ambaye hata salamu alizisema polepole kwa adabu, akakizungushia kinywa mikono yake akapaza sauti, na sauti ikavunjika katikati:

"Wakwe zetu! Pokeeni... pokeeni ng'ombe!"

Kundi likazidi kushuka. Halafu kutoka dungu la jirani nikamsikia yule binti, kwa woga kwanza: "Wamekonda." Kisha kwa nguvu, "Wamekonda hao! Na blanketi la mjomba liko wapi?"

Baba aliketi chini, kwenye udongo, akafunika uso kwa kofia yake. Aliketi hapo mpaka mchana akifinyanga madonge. Sisi tulipiga kelele na kulia kwa pamoja, na mwaka ule ndege hawakula shamba letu.

Ningependa kusema kwamba mimi niliyeyaona haya sikuwahi kumnyamazisha mtoto. Lakini Mungu ananisikia. Nilipokuwa mwalimu wa chuo nilishika fimbo, na niliwachapa watoto waliokuwa wakicheka juu ya mbao zao, na nilifikiri ninawapenda, kama baba alivyofikiri. Baadaye nilisoma zaidi, nikaona kwamba Mtume wetu hakuwa mkali kwa watoto wachezao, nikaiweka fimbo juu ya dari na sikuishusha tena. Kufikia hapo miaka mingi ilikuwa imepita. Wengine kati ya watoto wale wana wajukuu sasa. Nimewaomba msamaha wale niliowapata.

Jana wajukuu walirudi uani na basi lao. Mwanangu alikuwa kazini. Nilitoka na kiti changu nikakaa karibu na matofali, na utingo, ambaye ana miaka saba, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, "Itigi."

"Nauli, bibi."

"Sina. Nitakulipa ng'ombe, lakini wana mabawa."

Akanitazama kama mtu anayetazama abiria mlevi. Kisha akaniambia nisogee, wengine wapate nafasi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde shamba lako na watoto wako, akupe chakula cha kukutosha na cha kumgawia mwingine, akuwekee mzee wa kukukonyeza siku ya dhiki, na akusamehe yale uliyoyanyamazisha kwa kudhani unatenda mema. Na amrehemu bibi yangu, azipokee siku zote alizozilipa zisizokuwa na deni. Amina.